Kwa nini Dovzhenko anawasimamisha watu kimya muda wote ule? Naomba msaada kwa anayeijua filamu ya Ardhi

MkataPicha_Moshi:

Wakuu, habari za usiku. Huwa napita humu kusoma tu, leo ndiyo mara ya kwanza kufungua mada, mtanivumilia kama nitakuwa mrefu.

Mimi ni dada ninayekata video. Harusi, kipaimara, misiba, chochote kinachokuja. Kibanda changu kipo Moshi mjini, jirani na soko la Mbuyuni. Huu ni mwaka wa saba, na sheria za kazi hii nazijua: picha ikikaa zaidi ya sekunde nne bila kitu kutembea, mteja anauliza kama video imekwama. Kwa hiyo nakata. Imefika mahali mkono unakata kabla sijafikiri.

Mwezi wa sita tulimzika babu mzaa mama, kule Uru, kihambani kwake, yaani shamba la nyumbani, pembeni ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Siku mbili kabla hajaondoka aliomba ndizi mbivu, akala nusu, ile nusu nyingine akampa mtoto wa binamu yangu. Sikukubali mtu mwingine ashike kamera siku ya maziko. Asubuhi, kabla jeneza halijatolewa ndani, niliwakuta akina mama saba wamekaa juu ya majani makavu ya migomba, wameegemea ukuta wa jiko. Hawalii, hawaongei. Mmoja kashika kikombe cha chai na hanywi. Mvuke unapanda, yeye anatazama mbele. Nikaweka kamera chini kwenye kigoda, nikaiacha.

Nilipokata video ya familia niliweka sekunde 41 za wale mama. Mjomba, ambaye ndiye anayelipia, akaitazama akasema, "Hao mama wamekaa tu, watoe. Weka zile za droni." Simlaumu. Kwa wateja wangu wote ningefanya hivyo bila kuambiwa.

Sasa swali lenyewe. Kaka mmoja aliyekuja kukodi taa aliniachia flashi yenye filamu bubu za Kisovieti. Mojawapo ni Ardhi ya Oleksandr Dovzhenko, ya 1930. Nimeiangalia mara tatu wiki hii. Kuna sehemu ya jioni, baada ya mavuno, vijana wamesimama wawili wawili kwenye mwanga wa mwezi, mwanamume na mwanamke. Hawabusiani, hawasemi, hawacheki. Wamesimama tu. Picha moja, nyingine, nyingine tena. Mara ya kwanza niligusa kipanya nikijua kompyuta imeganda. Haikuwa imeganda.

Nikabaki najiuliza: huyu mtu alipata wapi ujasiri? Na kwa nini pale sichoki, wakati kwenye video yangu hata mimi mwenyewe, nikisema kweli, sekunde ya 30 naanza kuona mkono unawasha? Kuna kitu anakifanya ambacho sikijui. Anayejua anifundishe. Video nakabidhi Jumamosi.

Kibosho_Juu:

Pole sana dada kwa kuondokewa na babu. Mungu ampumzishe.

Swali dogo kabla wajuzi hawajafika: nakala yako ina muziki gani? Maana niliyoiona mimi ina okestra nzito kiasi kwamba ni kama muziki ndio unaokueleza wapi ulie.

MkataPicha_Moshi:

Asante sana ndugu yangu. Yangu ina sauti za akina mama wanaimba, na ngoma, halafu kuna kitu kama zeze kubwa linalokwaruza. Mara ya tatu nilizima sauti kabisa.

Lenzi50:

Dada pole kwa msiba. Niko Arusha, Kaloleni, kazi yangu ni kamera, na hii filamu nimekaa nayo muda mrefu.

Tumalize la muziki kwanza. Ile ya okestra ni nakala iliyotengenezwa upya Moscow mwaka 1971, muziki ni wa Ovchinnikov. Yako ni ya Kituo cha Dovzhenko cha Kyiv, 2012, wanaoimba ni kundi la DakhaBrakha. Dovzhenko mwenyewe hakuzipanga sauti hizo, kwa hiyo kuzima ulifanya vizuri. Unabaki na alichokikata yeye.

Twende kwenye swali. Huyu bwana alizaliwa 1894 Sosnytsia, kijiji cha wakulima Ukraine. Kwao walizaliwa watoto kumi na wanne, wakafika utu uzima wawili tu. Tafakari kidogo nyumba ya namna hiyo: msiba ndio hali ya hewa ya nyumbani. Alikuwa mwalimu, akasomea uchoraji Berlin, akachora vibonzo vya magazetini, na kwenye filamu aliingia 1926 pale Odessa akiwa mtu mzima wa zaidi ya miaka thelathini. Ndiyo maana jicho lake ni la mchoraji. Wenzake wa wakati ule, Eisenstein na Pudovkin, nguvu yao ilikuwa kwenye kugonganisha: picha hii inaigonga ile, cheche inaruka. Dovzhenko naye aliujua mchezo huo. Rudia sehemu ya mkate. Trekta linalima, ngano inavunwa, inafungwa, inapurwa, unga unakandwa, mkate unaingia tanuri, yote kwa mwendo wa kukimbia, mpaka unatoka jasho. Mtu anayeweza kukata hivyo akiamua kusimama, amesimama kwa makusudi.

Sasa angalia mfuatano, maana jibu lako limelala humo. Kwanza mkate, mbio. Kisha jioni, wale vijana wamesimama. Kisha Vasyl, yule kijana aliyeleta trekta, anaagana na mchumba wake na kushika njia ya nyumbani peke yake. Anatembea. Halafu anaanza kucheza. Hakuna mtu, hakuna ngoma, anacheza tu katikati ya barabara ya vumbi kwa sababu amejaa furaha na mwili hauna pengine pa kuiweka. Vumbi linampanda miguuni kwenye mwanga wa mwezi. Anacheza muda mrefu, picha baada ya picha, anazidi kusogea. Na ghafla anaanguka.

Filamu ni bubu, risasi huisikii. Umemwona aliyeisikia? Farasi. Farasi anayekula majani anainua kichwa. Basi. Halafu kuna mtu anakimbia kwa mbali. Nilipoiona mara ya kwanza nilirudi nyuma nikidhani nimepitwa na kitu, kumbe nilikuwa nimeshaambiwa kila kitu na kichwa cha farasi.

Wale vijana wa mwezini wangeondolewa, ngoma ya Vasyl ingekuwa kijana anacheza tu. Ni kwa sababu umekaa kwenye utulivu ule mpaka macho yamezoea, kwamba mguu wake wa kwanza ukitikisika unausikia kifuani. Na ni kwa sababu umecheza naye, kwamba akilala chini unabaki na ukimya wa namna nyingine. Utulivu wa kwanza ni wa watu waliojaa uhai, wa pili ni wa aliyekufa, na kwa macho unafanana kabisa. Mwanzoni mwa filamu tayari alikuwa amekuonyesha: mzee Semen amelala kwenye matufaa yaliyoanguka, anakula tunda, anatabasamu, anajilaza, amekufa. Pembeni mtoto anaendelea kula tufaa lake. Upepo unapita kwenye ngano. Hakuna aliyepiga kelele.

Mpiga kamera wake, Danylo Demutsky, alifanya jambo ambalo unaweza kuliiga kesho: alishusha upeo wa macho chini kabisa. Ardhi kipande chembamba, mbingu fremu nzima. Mtu akisimama hapo anaonekana kama ameota kutoka ardhini. Hahitaji kutembea.

Kwa hiyo ushauri wangu usiwe wa sekunde ngapi. Wale mama zako umewaweka wapi? Nina hakika umewaweka mwanzo, kabla hakijatokea chochote. Tafuta kinachotembea kabla yao. Halafu pitia picha zako zote ukatafute farasi wako.

MzeeWaSakina:

Wanangu, nimewasoma kwa furaha, hasa huyu binti. Nilifundisha historia sekondari miaka thelathini na moja, sasa napumzika hapa Sakina. Ninayo ya kuongeza, na sitaki yasikike kama ya kuzima mshumaa.

Mnaisifu filamu kwa namna anavyoiangalia ardhi. Ni kweli, sijaona ngano iliyopigwa picha hivyo. Lakini mkumbuke hadithi yenyewe inahusu nini. Ni kijiji kinacholeta trekta ili mashamba yaunganishwe, na wenye mali wanaokataa ni wabaya, na mmoja wao, Khoma, ndiye anayemuua Vasyl. Ilitoka Aprili 1930, serikali ya Stalin ikiwa katikati ya kuwalazimisha wakulima kuingia mashamba ya pamoja. Miaka miwili baadaye, 1932 na 1933, watu wa vijiji vile vile vya Ukraine walikufa kwa njaa kwa mamilioni, nafaka yao ikiwa imebebwa. Nikiona ule mkate unaingia tanuri, naujua mwaka. Siwezi kujizuia.

Na mwaka huo huo wa 1933 hapa kwetu mlimani Kilimanjaro wakulima wa kahawa walikuwa wanaanzisha KNCU, chama chao cha ushirika, baada ya kile chama chao cha 1925. Kila mmoja alibaki na kihamba chake, wakaunganisha kuuza. Jambo lile lile la ushirika, mlango mwingine kabisa. Baadaye, miaka ya sabini, nikiwa mwalimu kijana nje ya mkoa huu, niliona watu wakihamishiwa vijiji vipya. Kuna bibi alibeba udongo wa makaburi ya kwao kwenye kibuyu. Nilimsaidia kukipandisha kwenye lori. Kilikuwa kizito kuliko nilivyotegemea.

Kwa hiyo namuuliza Dovzhenko, na nawauliza na ninyi: mtu anayeipenda ardhi kiasi hiki, aliwezaje kulishangilia trekta lile?

Niseme na la upande wa pili, kwa haki. Wakubwa hawakufurahi. Siku chache kabla filamu haijaonyeshwa kwa watu, mshairi wa chama, Demyan Bedny, alimshambulia kwenye gazeti la Izvestia kwa shairi refu. Dovzhenko aliandika baadaye kwamba aliota mvi na kuzeeka kwa siku zile. Sehemu zikakatwa. Ile ya trekta kuishiwa maji kwenye rejeta, wanaume wakakojolea humo ili liondoke, haikupita. Wala ile ya mchumba wa Vasyl akiwa uchi chumbani, anaomboleza na kujitupa huku na huku. Nadhani kilichowaudhi ni kwamba ukitoka kwenye filamu hulikumbuki trekta. Unakumbuka matufaa.

Lenzi50:

Shikamoo mzee. Sina pa kubisha kwenye miaka. Naongeza moja tu: Khoma akikiri. Pale makaburini anakimbia shambani, anapiga kelele kwamba yeye ndiye aliyeua, anazunguka, anaingiza kichwa kwenye udongo kama anataka kujizika. Na hakuna anayemsikiliza. Filamu ya kufundisha chuki ingemkamata, ingemhukumu mbele ya umati. Dovzhenko amemwacha na udongo.

MzeeWaSakina:

Marahaba mwanangu. Hapo umenipa la kulala nalo.

MkataPicha_Moshi:

Shikamoo mzee, na kaka Lenzi asante. Nimekaa na majibu yenu siku tatu bila kuandika kwa sababu nilikuwa nafanya kazi.

Mzee, kuhusu trekta. Nimeirudia tena nikiwa na miaka uliyonipa kichwani, na ni kweli mkate ule sasa unaniuma. Sitaki kuutetea. Ila kuna kitu kwenye mazishi ya Vasyl nilichokiona kama mtu anayepiga picha za misiba kila wiki. Baba yake amekataa padri, ametaka vijana waimbe. Jeneza liko wazi, linabebwa mabegani, linapita chini ya miti, na matawi ya mtufaa yanapita yakimgusa marehemu usoni. Jeneza halikwepi tawi, wala hakuna anayeweka mkono kuuzuia uso usiguswe. Mimi nimepiga misiba zaidi ya mia mbili na kila mara kuna mtu anakimbia mbele kuinua majani ya mgomba ili jeneza lipite safi. Tulifanya hivyo hivyo kwa babu. Babu aliyeyapalilia majani yale miaka hamsini, tukayaondoa yasimguse. Dovzhenko kwenye jambo hilo alikuwa na akili kuliko chama chake, na kuliko sisi.

Na mama yake Vasyl anashikwa na uchungu wa kuzaa siku hiyo hiyo ya mazishi. Na mwishoni kabisa mvua inanyesha juu ya matufaa, matone yanateremka, haina haraka. Nilichokielewa mimi ni kwamba hakatizi kwa sababu kwake hakuna kilichokatika. Mzee Semen akifa, rafiki yake anakwenda kaburini anaweka sikio chini amwulize huko aliko yukoje. Kwetu Uru kuna wazee wanaozungumza na kaburi kihambani wakipita kukata majani ya ng'ombe. Sikuwahi kufikiri hilo ni jambo la kuweka kamera.

Basi nimefanya hivi. Kaka Lenzi uliotea sawa, mama wale niliwaweka mwanzo kabisa, baada ya jina la marehemu. Nimewatoa pale. Sasa video inaanza na kazi: vijana wanachimba, sururu, masufuria, magunia ya mchele yanashushwa, watu wanapanga viti, mtu anagombana na turubai linalotaka kuruka. Nimekata kwa haraka, sekunde moja moja. Halafu jeneza, ibada, na watu wanasogea kaburini.

Farasi nilimtafuta usiku mzima. Faili 112. Nilimkuta kwenye faili ambalo nilikuwa nimeliwekea alama ya kutupa, kwa sababu kamera ilikuwa imeelekea pembeni kimakosa. Ni yule mtoto wa binamu yangu, aliyepewa nusu ya ndizi. Ana miaka mitano. Amekaa juu ya tofali anatafuna muwa, maji yanamtiririka kidevuni. Anatafuna, anatafuna. Mara anaacha. Mdomo umebaki wazi na muwa uko ndani. Kwa sauti ya faili hilo unasikia ule udongo wa kwanza unagonga ubao. Nimeitoa sauti. Nimebakiza mdomo wake tu.

Baada yake ndiyo nimewaleta wale mama saba wa asubuhi. Najua kwa saa haikuwa hivyo, wao walikaa pale kabla. Lakini ndipo mahali pao.

Ijumaa jioni nilipanda Uru na kompyuta, nikaiweka mezani kwa bibi kabla ya kumkabidhi mjomba. Mjomba naye alikuwepo. Droni nimemwekea, iko mwanzo kabisa, kabla ya zile za kazi, inaonyesha mlima na kihamba kutoka juu, na ni nzuri, nakiri. Bibi hakusema kitu mpaka walipofika wale mama. Hapo akasogeza kiti. Akanyoosha kidole kwenye kioo akaanza kuwataja mmoja mmoja, kutoka kushoto: huyu ni wa nani, aliolewa wapi, huyu tulikwenda naye mtoni tukiwa wasichana, huyu aliniletea ndizi ng'ombe wangu alipokufa, huyu mwenye kikombe mume wake alizikwa mwaka jana na hakupata mtu wa kumpiga picha. Alikuwa anataja polepole, bila haraka, kama mtu anayehesabu mbegu. Mjomba alikuwa ameegemea mlango.

Alipofika kwa mama wa saba, kidole kikiwa bado hewani, picha ikakata.

Bibi akaniangalia. "Na huyu?"

Faili ghafi lina sekunde 58. Nimerudisha zote.